Warithi wa Sinza wanaouza hawajapoteza akili

Nyumba ya zamani ikibomolewa Sinza, Dar es Salaam, ili ghorofa au loji isimame, lawama huwaendea warithi: wameuza jasho la baba, wakakimbilia kiwanja porini Goba, Madale au Kibaha. Hoja ipo. Chuo Kikuu, Mwenge na Mlimani City viko jirani. Anayehama huanza siku kwa bodaboda, kisha daladala mbili, na kiwanja cha Sinza kikishauzwa hakirudi.

Wanaolaumu, hata hivyo, hawajakipigia hesabu kiwanja chenyewe. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha chini wapate viwanja vyenye barabara na maji. Kiwanja cha kawaida kilikuwa mita za mraba 288, yaani 12 kwa 24. Hapo ilisimama nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Mwenye nyumba vyumba viwili, vinne vya wapangaji. Akifariki na kuacha watoto watano, kila mmoja ana mita za mraba 58. Kipande hicho hakipimiki wala hakipati hati. Kodi ya vyumba vinne ukiigawa kwa watano, ukatoa bati linalovuja na shimo la choo linalojaa, kinachobaki ni ugomvi.

Kinachowaponza si kuuza, ni kuuza vibaya. Njia salama ni kikao cha ukoo chenye muhtasari, maombi mahakamani, msimamizi wa mirathi athibitishwe, kisha hati iandikwe jina lake. Baada ya hapo ndipo zinakuja fomu namba 29, 30 na 35 za ardhi, uthamini, na kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya mauzo. Familia nyingi huruka mirathi na kuandikiana mkataba kwa mjumbe. Ndugu mmoja akiweka zuio, mauzo yanakwama miaka. Mnunuzi mzoefu analijua hilo, na hulikata kwenye bei mapema.

Wanakokwenda, sensa imekuonyesha. Kati ya 2012 na 2022 Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la asilimia 23. Mkoa wa Pwani ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947: asilimia 84. Mkoa uliokuwa na robo tu ya watu wa Dar umeongeza watu zaidi ya laki tisa, karibu sawa na ongezeko la jiji lenyewe. Idadi kubwa hivyo haiji kwa uzazi peke yake. Jiji limevuka mpaka wake kuelekea Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga, kwa hiyo anayehesabu ndani ya mipaka ya mkoa huona Dar iliyopunguza kasi, wakati watu wake wako ng'ambo wanafyatua tofali.

Kwa sababu hiyo kusema kipato cha Sinza kimepanda kunapotosha. Wakazi hawakutajirika, walibadilishwa. Mrithi angalau aliondoka na fedha ya kiwanja kikubwa zaidi na tofali za msingi. Aliyeumia ni mpangaji wa chumba na sebule: ghorofa jipya lina vyumba vyenye choo ndani na LUKU yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa kodi asiyoimudu, naye hana fungu katika mauzo.

Warithi wasiotaka kuhama wana njia ya ubia: watoe ardhi, mjenzi alete fedha, wao wapate nyumba zenye hati zao chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Nayo hudai mirathi iliyokamilika, na maji taka yapangwe upya, kwani shimo la kaya tano haliwezi kubeba kaya kumi na mbili. Ikiwa ni kuuza, mkataba utamke kwamba mpangaji aliyelipa miezi sita akakaa miwili arudishiwe minne, na fedha hiyo itengwe kabla warithi hawajagawana.