Minyoo kwenye kikao cha harusi

Katibu ameshairusha video ya kikao kwenye magrupu, na kwa maneno yake mimi nafuga minyoo kwenye laptop. Jamani, zile ni protini!

Mnaonifuata mnajua laptop yangu ina BOINC, programu ya kuazimisha nguvu ya kompyuta yako kwa hesabu za wanasayansi. Nikiiacha tu, inapiga hesabu za Rosetta@home, mradi wa kutafuta maumbo ya protini ulioanzia maabara ya David Baker kule Seattle, yule wa Nobeli ya kemia 2024. Setingi zangu safi: ianze kazi ikikaa dakika 3 bila kuguswa, isimame ikiwa kwenye betri. Sasa kikao kirefu, projekta imewashwa, nikachomeka chaja. Kinga ya betri kwisha habari yake.

Bajeti iko ukutani, mstari wa pilau. Mwenyekiti akasimama kuzungumzia mchele. Kipanya sijakigusa. Akamaliza mchele, akaingia kwenye mbuzi, akahamia kwa mpishi. Ukuta ukawa mweusi tii.

Halafu, kwenye skrinseva ya BOINC (picha zinazojiwasha kompyuta ikitulia), ukatokea. Uzi mnene, mwekundu ncha hii, bluu ncha ile, unajikunja, unajikunjua, unatetemeka. Tena si mmoja, maana Rosetta huonyesha vijidirisha: umbo la protini linalojaribiwa, lililokubaliwa, na lenye nishati ndogo kuliko yote. Kila kidirisha na mnyoo wake, kimo cha mtu. Feni nayo ikapandisha, vuuuu, prosesa imekamatwa kazi yote. Mwenyekiti akageuka taratibu. Shangazi wa bwana harusi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

“Mwanangu, hao ni wa kwenye nyama tuliyoagiza?”

“Hapana shangazi, ni amino asidi zinatafuta mkao wenye nishati ndogo.”

Msijaribu jibu hilo popote.

Nikatikisa kipanya. Bajeti ikarudi, hamu ya pilau haikurudi.

Kwa wenye BOINC: kwenye setingi kuna sehemu ya programu ambazo zikiwa wazi, hesabu zinasimama. Kama bajeti iko kwenye Excel, ongeza excel.exe hapo. Ila skrinseva haizimiki kwa njia hiyo. Itaendelea kutembeza nembo ya BOINC. Izime kwenye Windows kwenyewe. Alama ya kuikubali skrinseva hiyo huwekwa wakati wa kuinstoli BOINC, nami niliitiki kwa mbwembwe, eti inapendeza.

Mbuzi wameondolewa kwenye bajeti, wamepitisha kuku. Katibu, futa ile video.