Minyoo: Dawa Tunaijua, Njia Je?

Kila dawa za minyoo zinapogawiwa shuleni, wapo wanaolalamika kwamba wazazi hawana elimu. Wengine huwajibu: mzazi anajua, ila hana choo, maji wala hela ya viatu.

Kenya imekuwa ikitoa dawa hizo kwa mpango wa kitaifa tangu 2012, na albendazole ya kutafuna, miligramu 400, si ngeni kwa mzazi wa Kwale, pwani ya Kenya. Lakini muulize minyoo inatoka wapi. Si ajabu ukajibiwa sukari, na ushahidi ni mtoto kusaga meno usiku. Tiba inajulikana kuliko njia ya maambukizi. Mama anaweza kumnawisha mwanawe kwa sabuni kila mlo, kisha akamwacha acheze pekupeku nyuma ya nyumba. Mayai ya minyoo duara yanaingilia mdomoni, sawa, lakini kiluwiluwi cha safura, mnyoo wa aina nyingine, hupenya ngozi ya unyayo. Halafu kuna lile la "kinyesi cha mtoto hakina neno", kinachotupwa migombani. Kina neno, tena kubwa, na kukitia chooni au kukifukia hakugharimu kitu. Hapo wanaodai elimu wana haki.

Ila utafiti uliofanyika Kwale kati ya 2015 na 2017 unawabana. Dawa ilipotolewa kwa watoto pekee, wenye safura walishuka kutoka asilimia 18.6 ya watu hadi 13.8. Ilipotolewa kwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Maana yake safura imo pia kwa watu wazima, akiwemo yule mama anayehubiriwa usafi wa mwanawe huku akipalilia mihogo miguu mitupu. Nani amemwambia naye ameze?

Vyoo navyo visifanywe muujiza. Magharibi mwa Kenya, kaya zilizosaidiwa choo bora, klorini ya maji na unawaji mikono zilipunguza minyoo duara kwa takriban moja ya tano tu. Mayai yake hudumu udongoni miaka, na kidonge hakisafishi udongo.

Kwa hiyo sioni haki kumlaumu mzazi kwa mtoto kuambukizwa tena miezi michache baada ya dawa. Afundishwe habari ya nyayo na kinyesi cha mtoto mchanga, mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Na siku ya dawa ikifika, wagawaji wasiishie getini mwa shule.