Amana ya Familia Tulikuwa Nayo, Kilichotushinda Ni Daftari

Juma lililopita nilikaa saa tatu nzima katika ukumbi wa hoteli moja hapa Mombasa, nikinywa chai iliyokwisha kupoa, huku mtaalamu aliyevaa suti akitueleza kwamba ametuletea jambo jipya kabisa liitwalo amana ya familia, ambalo yeye, kama wengi siku hizi, aliliita trasti. Alisema kwamba mtu huitoa mali yake mikononi mwake angali hai, akawakabidhi wadhamini waitunze kwa manufaa ya watoto na wajukuu, nayo isiuzwe wala isikatwe vipande siku atakapofariki. Wazee wawili wa Mji wa Kale waliokaa mbele yangu walitazamana, kisha mmoja akageuka akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu si anaueleza wakfu?"

Alikuwa anaueleza wakfu wetu wa Kiislamu, naam, ila kwa bei ya hoteli. Sharti alilolitaja kama uvumbuzi ndilo lile lile aliloliweka Sayyidna Omar, sahaba wa Mtume, juu ya shamba lake la Khaybar kule Uarabuni, kwamba lisiuzwe, lisitolewe hiba wala lisirithiwe. Pwani hii ina misikiti, visima, makaburi na nyumba za kupangisha zilizowekwa wakfu kabla ya kuwako ofisi yoyote ya wakili, na baadhi ya nyumba hizo ziliwekwa wakfu kwa ajili ya kizazi cha mwenyewe, maskini wakipata zamu yao kizazi hicho kitakapokatika.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba chombo hicho tulipokonywa kwanza, ndipo tukarudi kuuziwa. Mwaka 1894 Baraza la Kifalme kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua katika kesi iliyotoka India kwamba wakfu unaowanufaisha watoto na wajukuu, huku fungu la maskini likiwekwa mbali mno, si wakfu wa kweli. Waislamu wa India walilalamika hadi mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuutengua msimamo huo, lakini sheria hiyo haikuvuka bahari kuja kwetu. Ndiyo maana katika kesi ya Bakhshuwen Baraza lile lile liliubatilisha wakfu wa familia uliotoka huku Afrika Mashariki kwa hoja ile ile ya 1894. Ilibidi sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 itamke waziwazi kwamba kuwawekea wakfu watoto na ukoo ni halali. Na hao walioitilia shaka ibada ya babu zetu ni mabwana ambao koo zao zilikuwa hodari wa kuyafunga mashamba yao kisheria, ili kijana mpotevu asiyauze kulipa deni la kamari. Kwao ilikuwa busara, na kwetu ikaitwa hila.

Hata hivyo, sikukusudia kuusifu wakfu kana kwamba ulikamilika, kwa sababu ninao mmoja nyumbani unaonitia aibu. Mama wa nyanya yangu aliweka wakfu nyumba ya mawe yenye dari za boriti za mikoko, kodi yake igawiwe kizazi chake, na ami yangu mmoja akawa mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, kwa zaidi ya miaka 20. Katika muda huo wote hakuna aliyeona hesabu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alitupitishia bahasha, ndogo kila mwaka kuliko ile ya mwaka uliotangulia, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa kwamba anamvunjia heshima mzee. Paa lilianza kuvuja, wapangaji wa juu wakahama, boriti zikaoza, na mvua moja ya masika ikaangusha dari ya chumba cha nyuma. Nilipomwomba daftari la kodi, ami alinijibu kwa upole mkubwa, "Mwanangu, daftari lililiwa na mchwa." Nadhani mchwa hao walikuwa wanajua kusoma, maana risiti za ukarabati aliodai kuufanya hawakuzigusa.

Hapo ndipo mtaalamu wetu alipopaswa kutumia saa zake tatu, naye alitumia dakika moja. Alisema tu tuwachague wadhamini waaminifu, kana kwamba yupo aliyewahi kumchagua mwizi akijua. Marehemu Njenga Karume, tajiri aliyejipanga kuliko wengi wetu, aliacha wosia na amana alipofariki mwaka 2012, na bado watoto wake walifika mahakamani wakivutana na wadhamini. Hati haimkagui mtu. Anayemkagua mdhamini ni mnufaika anayejua kilichomo, anayesomewa hesabu kila mwaka bila kuomba, na ambaye hati yenyewe imempa uwezo wa kumwondoa asiyetoa hesabu hiyo. Na hayo ndiyo tunayoyaona haya kuyaandika, kwa kuwa mdhamini ni ami, ni kaka, ni mtu tunayempokea mkono kwa heshima.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba marekebisho ya mwaka 2021 ya sheria ya wadhamini yameitambua amana ya familia kwa jina lake, na kwamba jirani zangu wasio Waislamu, ambao wakfu hauwahusu, wamepata njia ambayo hawakuwa nayo kwa uwazi huo. Aliyefuatilia kesi za mali ya waziri wa zamani Mbiyu Koinange, aliyefariki mwaka 1981 na kuacha ukoo ukishtakiana kwa miongo kadhaa, hawezi kuidharau njia yoyote ya kupanga mambo mapema. Gharama zake nazo si za mtu wa kiwanja kimoja, lakini hilo tuliache. Kwa Waislamu wenzangu nina neno moja tu: asiyeweza kumnyima binti fungu lake kwa wosia asidhani kwamba ataweza kumnyima kwa trasti akiwa kitandani mwa mauti, kwa maana atoacho mtu katika maradhi hayo huhesabiwa kama wasia, nao hauzidi theluthi wala haumwendei mrithi bila ridhaa ya wenzake.

Mimi nina viwanja viwili na nyumba moja, nami nataka kuviweka wakfu. Nimemwomba wakili aandike kwamba mutawali atatoa hesabu kwa maandishi kila mwezi wa Shaabani, isomwe mbele ya wote, wanawake wakiwamo, na nakala ikae kwa mpwa wangu wa kike ambaye kazi yake ni uhasibu na ambaye hamwogopi mtu. Mwaka ukipita bila hesabu, mutawali atakuwa amejiuzulu. Kaka yangu, niliyetaka kumpa kazi hiyo, ameusoma mswada akaniuliza kama simwamini, nami nikamjibu kwamba namwamini, ndiyo maana nimemwonyesha kabla hajatia saini. Hajatia bado.