Sahihi ya mwanakijiji: ninachomkumbukia Gavana Kibwana

Watu wakianza kubishana nani amekuwa gavana bora Kenya tangu ugatuzi, yaani kugawa mamlaka na fedha kwa kaunti, uanze mwaka 2013, wengi huhesabu hospitali na barabara. Mimi huanzia kwenye sahihi. Profesa Kivutha Kibwana alipokuwa gavana wa Kaunti ya Makueni, wananchi wa mahali mradi unapojengwa walichagua kamati yao wenyewe, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanywa sawasawa. Yaani mama anayelima ndengu anaweza kuzuia malipo ya mkandarasi kwa sababu ukuta wa zahanati una ufa! Kwa Mkenya aliyezoea kuona mradi ukizinduliwa kwa ngoma kisha ukaachwa gofu, hili ni jambo kubwa mno.

Halikuzuka tu. Kibwana alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1997 alikuwa mstari wa mbele katika vuguvugu la kudai katiba mpya, wakati kauli ilikuwa hakuna mageuzi, hakuna uchaguzi. Ndio mwaka ambao polisi waliwavamia waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Baadaye akawa mbunge wa Makueni, akawa waziri, na mwaka 2007 akapoteza kiti. Naamini mtu aliyepigania kwamba mamlaka ni ya wananchi angeona aibu kukaa ofisini mjini Wote, makao makuu ya kaunti, akiwaamulia kila kitu.

Lakini fedha zikifuatwa na macho mengi hivyo, wapo wanaokasirika. Mvutano kati yake na Bunge la Kaunti kuhusu bajeti ulifika pabaya. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika makao ya kaunti na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakakusanya sahihi (sahihi tena!) wakitaka kaunti nzima ivunjwe, gavana na wawakilishi wadi warudi wote kwa mpiga kura. Kibwana mwenyewe hakuogopa njia hiyo. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza serikali ya kaunti isimamishwe, ila mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Nakiri kwamba gavana naye alikuwa mgumu wa kukubali mapatano, na miezi ile ya malumbano iliwaumiza watu wa kawaida waliokuwa wakingoja huduma. Hata hivyo, kiongozi aliye tayari kuweka kiti chake mezani namheshimu.

Mengine yanajulikana. Makueni Care, mpango wa matibabu wa kaunti, ilianza mwaka 2016: familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na wazee wa miaka 65 kwenda juu hawakulipa. Kule Kalamba kukajengwa kiwanda cha kusindika maembe, mkulima asibaki kumtegemea broka anayekuja na bei yake mfukoni. Wajumbe wa kaunti nyingine walimiminika Makueni kujifunza.

Mwaka 2022, baada ya mihula miwili, aligombea useneta akashindwa na Dan Maanzo wa chama cha Wiper. Niliumia, sifichi. Wapo waliosema watu wa Makueni hawana shukrani, nami sikubaliani nao hata kidogo. Wakamba wa Makueni walimpa miaka 9 ya ugavana, na siku ya kura waliamua chama kinachofaa kuwawakilisha Nairobi. Mtu hawezi kuwafundisha watu kwamba uamuzi ni wao, kisha awalaumu wanapouamua.

Ninachohofia ni kamati zile. Hospitali ikishajengwa inaonekana, lakini utaratibu unaweza kuuawa kimyakimya kwa waraka mmoja. Ndiyo maana siku hizi nikihudhuria baraza la bajeti la kaunti yangu, nanyanyua mkono na kuuliza swali lile lile: kati yetu tuliokaa hapa, nani ataweka sahihi kabla mkandarasi hajalipwa?