Msimpambe Dany Laferrière kwa ajili yetu

Hapa Montréal, Kanada, mtu akitaka kututia moyo sisi wageni lazima amtaje mwandishi Dany Laferrière. "Mwoneni yule Mhaiti! Alianzia kiwandani, leo yumo Académie française." Ni kweli, alichaguliwa Desemba 2013 kuingia baraza hilo la Ufaransa linalosimamia lugha ya Kifaransa, akapewa kiti namba 2 alichowahi kukalia mwandishi wa zamani Montesquieu. Ila wanairukia hadithi katikati.

Dany hakuja huku kutafuta maisha, maisha alikuwa nayo. Mwaka 1976, akiwa na miaka 23, alikuwa mwandishi wa gazeti la Le Petit Samedi Soir, Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Juni ile mwenzake na rafiki yake, Gasner Raymond, akauawa chini ya utawala wa Duvalier mtoto, dikteta aliyemrithi baba yake. Dany akaondoka kimyakimya. Huku akawa kibarua tu, hadi riwaya yake ya kwanza ilipomtoa mwaka 1985 (jina lake sitalitaja, wazee wanasoma). Baadaye akatangaza hali ya hewa kwenye televisheni. Mhaiti kuwatabiria wazungu theluji, hebu fikiria!

Kwa hiyo ng'ambo ilimpa nini? Usalama, na chumba kisichogongwa hodi. Si haba. Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, ambako ukijifungia kusoma, shangazi anakuja kuuliza kama unaumwa. Hapa jirani wa mlango wa pili simjui hata jina. Naweza kuandika hadi alfajiri na hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Lakini cha kuandika anakitoa wapi? Kwao. Kitabu chake L'Odeur du café, cha 1991, chote ni Petit-Goâve, mji wa Haiti alikokulia: bibi yake, Da, yuko barazani na birika la kahawa, kila apitaye anamiminiwa kikombe na kuacha habari. Mtu wa Buyenzi akisoma kurasa zile anajua kabisa yuko wapi. Usalama na faragha kwao pia vingewezekana, wakubwa wangetaka. Baraza la Da lisingewezekana Montréal, hata kwa hela.

Tena kuna baba yake, mwanasiasa aliyekimbia enzi za Duvalier baba, akafia New York 1984. Katika kitabu chake L'Énigme du retour, kilichopata tuzo ya fasihi ya Ufaransa, Médicis, 2009, mwana anamgongea mlango huko Marekani. Mzee hafungui, anajibu kwa ndani kwamba yeye hana mtoto. Wanaotuhesabia waliofaulu ng'ambo, wamhesabu na huyo.