Simuleta ya mgonjwa: tubadili namba au tubadili chanzo?

Simuleta ya mgonjwa ni mwanasesere wa kufundishia tiba, mwenye mapigo na shinikizo la damu vinavyoendeshwa na kompyuta. Mwalimu anataka shinikizo la damu la mgonjwa huyo lishuke. Kwenye SimMan, simuleta ya kampuni ya Laerdal, kwa kawaida anaandika namba tu: 120/80 iwe 80/50 ndani ya dakika 3. Kwenye HPS (Human Patient Simulator), simuleta iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Florida kule Gainesville, namba huzaliwa na modeli ya fiziolojia, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwili unavyofanya kazi. Unachogusa ni ujazo wa damu na vizidishi vinavyoanzia 1: ukinzani wa mishipa, uwezo wa vena kubeba damu, nguvu ya moyo kusinyaa. Shusha ukinzani hadi 0.5, shinikizo litaporomoka na mapigo yatapanda yenyewe, maana baroreseptori (vihisi vya shinikizo la damu) za shingoni na kwenye upinde wa aota zimeshahisi.

Wanaopenda namba wana hoja. Kwenye mtihani, watahiniwa 20 wanapaswa kukutana na mgonjwa yuleyule, na modeli haiahidi hivyo, kwani kila dozi humpeleka mgonjwa njia yake. Kwa zoezi la kufufua moyo nako, namba zinatosha.

Shida ni kwamba namba moja ikibadilika, nyingine kadhaa zinapaswa kuifuata, na mwalimu husahau. Mtu wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Akipoteza lita 1, shinikizo la juu mara nyingi bado limesimama. Kinachoonekana ni mapigo 100 hadi 120 na pengo kati ya shinikizo la juu na la chini kubana, mfano 110/85. Mwenye haraka huweka 80/40 papo hapo, na wanafunzi wanazoea kusubiri shinikizo lianguke ndipo washtuke. Kaboni dioksidi ya pumzi nayo hubaki 40 huku shinikizo likiwa 60/30, ilhali damu inayofika mapafuni imepungua.

Modeli hushughulikia hayo, lakini haijali ratiba ya somo. Ishushe nguvu ya ventrikali ya kushoto hadi 0.3 kwa mkupuo: shinikizo la chini linaanguka, mapigo yanapanda, msuli wa moyo unadai oksijeni zaidi huku ukipata kidogo. Moyo unaweza kuishia kutetemeka bila kusukuma damu kabla mwanafunzi hajavunja ampuli ya dawa. Afadhali 0.8, subiri dakika 2 mambo yatulie, kisha 0.6.

Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya mifumo hii miwili. Mapigo ni 95, mwalimu anataka 120, basi anayafunga hapo. Mwanafunzi akitoa fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, shinikizo linapanda lakini moyo haupungui kasi; akimimina dripu ya mililita 500, bado 120. Anaondoka akiamini dripu haikusaidia kitu. Kama mapigo hayatoshi, ongeza damu inayopotea, au kagua kizidishi cha baroreseptori, kinachopanga ukali wa mwitikio wao. Hichohicho, kikishushwa upande wa moyo, kinakupa mgonjwa anayetumia propranololi (dawa inayozuia mapigo kwenda kasi) anayevuja damu bila mapigo kupanda. Kwa hiyo kwa somo la dawa za usingizi wa upasuaji na wagonjwa mahututi, chagua modeli, hata kama maandalizi ni marefu.

Kabla ya darasa, acha mgonjwa aende dakika 10 bila kuguswa. Shinikizo likitambaa lenyewe, kagua kwanza ujazo wa damu na dawa: huenda mabaki ya somo lililopita hayajafutwa.