Mtoto Aliyeshindwa Kusoma Hahitaji Saa Zaidi za Twisheni

Kwenye kikao cha wazazi mwezi uliopita, mwalimu wa taaluma alisimama akasoma, mbele yetu sote, majina ya watoto wa darasa la tatu ambao hawajui kusoma. Kisha akatoa dawa moja kwa wote: waongezewe twisheni. Jioni baada ya masomo, na Jumamosi hadi saa saba mchana, shilingi 500 kwa siku. Jina la mwanangu lilikuwamo. Wazazi wakaitikia kwa vichwa, wengine wakaanza kufungua pochi palepale. Mimi nilitoka na hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Sigombani na hiyo mia tano, ingawa kwa mama anayeuza vitumbua Mbagala na ana watoto watatu si hela ndogo. Ninachogombania ni kile inachonunua. Nimekwenda kuziona hizi twisheni za mitaani kwetu. Chumba kimoja, watoto wa darasa la pili hadi la sita wamebanana kwenye mabenchi, ubao mmoja. Mwalimu anaandika, watoto wananakili, wakimaliza anasahihisha, wanaandikiwa lingine. Mwanangu ananakili vizuri sana. Ukilishika daftari lake utasema huyu anajua. Mwambie asome alichoandika kwa mkono wake mwenyewe, anainamisha kichwa.

Kumpeleka mtoto kama huyu akafundishwe jioni kwa njia ileile iliyomshinda asubuhi ni kumwongezea dozi ya dawa isiyotibu ugonjwa wake. Anachoka, anaanza kuamini kwamba yeye ni mjinga, na baada ya muda hata ile hamu ya kushika kitabu inakufa. Huyu si mvivu. Msimulie hadithi usiku mmoja, kesho yake atakusimulia yote, na majina ya watu wote, na nani alimwambia nani nini. Mtume dukani kwa Mangi na noti ya elfu tano, chenji itarudi kamili. Maneno yakiwa kwenye karatasi ndipo yanapomkimbia. Wataalamu huita disleksia. Mtaani tunaita kichwa kizito, na hilo jina nalichukia kwa moyo wangu wote.

Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na hapo ndipo watoto hawa wanapojificha. Darasa la kwanza wanaimba ba be bi bo bu pamoja na wenzao, mwalimu anasikia sauti nzuri, anaweka tiki. Kumbe mtoto ameshika wimbo, hajashika herufi. Akifika kwenye "mbwa", "ng'ombe" au "nyweshwa", anakwama. Akipewa neno refu kama "hawakutusubiri", anashika silabi tatu za mwanzo, iliyobaki anakisia: "hawakuja". Herufi b na d zinabadilishana nafasi kila siku. Na kwa sababu anasoma polepole mno, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea, kwa hiyo hata swali la ufahamu ambalo akili yake inaliweza kabisa analikosa. Mtoto huyu anahitaji mtu akae naye, aone ni wapi hasa panapovunjika, arudi mpaka pale, na asivuke mpaka pameshika. Sauti moja, kisha silabi, kisha neno. Aitamke huku akiiandika kwa kidole kwenye mchanga, aijenge kwa vikadi vya silabi, aivunje, aijenge tena. Nusu saa inatosha, mara tatu au nne kwa wiki, akiwa peke yake au na wenzake wawili watatu wenye shida kama yake.

Si jambo jipya. Marekani, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walikuwa wakiifanyia kazi njia ya namna hii tangu miaka ya 1930. Wala haihitaji kompyuta. Vikadi vinakatwa kwenye maboksi ya sabuni, na mchanga uko nje ya mlango.

Kwa nini basi ni ghali? Kwa sababu inakopatikana, inapatikana kwa wenye nacho. Niliuliza kituo kimoja cha upande wa Masaki, nikatajiwa bei ya saa moja ambayo kwangu ni matumizi ya nyumbani ya siku kadhaa. Ujuzi wenyewe hapa Tanzania upo. Chuo cha ualimu cha Patandi pale Tengeru, Arusha, kimekuwa kikitoa walimu wa elimu maalumu miaka yote hii. Na mitaani kwetu wamejaa vijana waliosomea ualimu, vyeti viko kabatini, wanasubiri ajira huku wakiendesha bodaboda. Kijana mmoja wa hao, akikaa wiki chache na mwalimu mzoefu wa kitengo cha elimu maalumu, anaweza kuwasaidia watoto wanne wa mtaa mmoja. Wazazi wanne wakichangia ile hela wanayotupa kwenye twisheni ya kunakili, kijana anapata posho na watoto wanapata mwalimu. Sisi watatu mtaani tumeanza kuzungumza hivyo, tunamtafuta wa nne.

Lakini sitaki serikali isome hapo ikapumua. Tangu Januari 2016 tunaambiwa elimu ya msingi ni bila ada. Kusoma ndiyo K ya kwanza ya KKK: Kusoma, Kuandika, Kuhesabu. Mtoto akivuka darasa la pili hajaipata, gharama ya kuitafuta inamwangukia mama yake vipi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome na wenzake na apewe msaada unaomfaa. Shida ni kwamba huyu wa kwangu hana fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu, kwa hiyo hakuna anayemhesabu. Kenya wana vituo vya kuwapima watoto kielimu tangu 1984. Huku kwetu mzazi anaelekezwa kwa mganga, kwa mchungaji, au kwa fimbo.

Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani hawezi kukaa na mmoja mmoja, hilo nalikubali, ijapokuwa halihalalishi kutangaza majina yao kikaoni. Basi kila kata iwe na angalau mwalimu mmoja wa elimu maalumu anayezunguka shule zake, na jina lake libandikwe kwenye mbao za matangazo ili mzazi ajue pa kwenda.

Wazazi wenzangu, anzeni kwa kuwapima watoto macho na masikio, maana wapo wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Kisha kabla hujatoa hela, mwambie huyo mwalimu wa twisheni amkalishe mwanao, wasome pamoja ukurasa mmoja, halafu akwambie ni silabi zipi zinamshinda na kesho ataanzia wapi. Akikosa jibu, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani na hela yenu.